Chokaa Ndani ya Mkwaruzo

Kwa miaka ishirini na mbili Kamaludin aliwachukua watu wa mtaa wetu kwa gari lake, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kulikuta na alama. Lilikuwa Toyota kuukuu la buluu iliyokoza, alilolinunua alipoacha kazi ya ukarani bandarini. Hakuwa na kibao cha teksi, wala hakujiunga na zile za kuitwa kwa simu. Watu walimjua tu. Ukiwa na mgonjwa Kibokoni, ukiwa na mgeni wa kupokewa uwanja wa ndege, ukiwa na bi harusi asiyetaka kupanda tuktuk na nguo zake, ulituma mtu kwa Ammi Kamaludin. Na kila siku ya shule, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, aliwakusanya watoto watano wa Mji wa Kale akawapeleka shule Tudor, kisha akawarudisha alasiri.

Anayeujua Mji wa Kale ajua kwamba kupitisha gari mle si kazi ya kila mtu. Vichochoro vile vilijengwa kwa ajili ya watu na punda. Kuna mahali hupiti mpaka ukunje vioo vya pembeni, na mahali pengine baraza ya mtu imetokeza nusu ya njia na bibi mwenyewe amekaa juu yake akichambua mchele. Kamaludin alipita humo kama mtu anayetembea chumbani kwake gizani. Alikuwa akisema, tena bila majivuno mengi, kwamba gari halikwaruzwi na njia nyembamba, hukwaruzwa na haraka.

Jambo ambalo hakumwambia mtu lilikuwa la macho yake.

Lilianza mwaka uliopita. Kwanza taa za magari yanayokuja mbele zikawa zinatawanyika, kila taa na mwiba wake. Akaacha kuendesha baada ya magharibi, akasingizia kiuno. Kisha rangi zikaanza kufifia, ikawa kama anatazama dunia nyuma ya kioo chenye mvuke. Alinunua miwani mara mbili kwa wachuuzi wa Mwembe Tayari, akiijaribu pale pale kandoni mwa barabara kwa kusoma majina ya mabasi ya bara. Daktari hakumwendea. Babake, Mungu amrehemu, alipofuka akiwa na miaka sitini na mitano, akakaa miaka kumi na miwili kwenye kitanda cha kamba karibu na dirisha, akiuliza ni nani amepita. Kamaludin sasa alikuwa na sitini na mitatu. Aliogopa kuambiwa. Alijipa moyo kwamba mtu asipoambiwa, bado ana muda.

Jumanne moja ya mwezi wa pili alikuwa amewashusha watoto Tudor na kurudi. Jua la asubuhi lilikuwa limesimama mbele yake sawasawa alipokata kona kutoka Ndia Kuu kuingia kichochoro cha nyumbani. Ukuta wa kona ile, uliopakwa chokaa mpya mwezi uliotangulia, aliuona mbali. Angekula kiapo kwamba uko mbali. Kisha akasikia sauti ndefu ya bati likichanwa, akafunga breki.

Hapakuwa na mtu. Alisogeza gari taratibu mpaka mbele ya nyumba, akashuka, akazunguka upande wa kushoto. Hata kwa macho yale aliona. Mikwaruzo mitatu ilianza kwenye mlango wa mbele, ikapita mlango wa nyuma, ikaishia juu ya gurudumu, na ule wa katikati ulikuwa umefika kwenye bati tupu. Alichukua kitambaa na kopo la polishi, akasugua hadi mkono ukamuuma. Mikwaruzo ikang'aa, lakini ikabaki pale pale.

Alikuwa bado anasugua Hussam alipotoka dukani kwake. Hussam ndiye mwenye duka la mchele na sukari pale pembeni, kijana wa miaka kama thelathini na mitano, mwenye moyo mzuri na mdomo mwepesi, na Kamaludin alimpenda kama mtoto wa ndugu yake. Hussam aliutazama mlango, akashika kichwa, akageuka kuangalia kichochoro juu na chini. Akasema ni mkokoteni. Asubuhi ile ile Musyoka alikuwa amepita na madumu ya maji, mzigo umempanda mpaka kichwani, haoni aendako. Si mara ya kwanza mikokoteni kuharibu vitu vya watu humu, akasema. Wazee hunyamaza, ndiyo maana mambo hayakomi.

Kamaludin angeweza kusema neno moja tu. Alifungua kinywa kulisema. Lakini neno hilo lilikuwa na jingine nyuma yake, na jingine, hadi kwenye kitanda cha kamba karibu na dirisha. Alikunja kitambaa, akasema, "Mambo ya Mungu," akaingia ndani.

Kufikia adhuhuri Hussam alikuwa amemngojea Musyoka, amechukua mkokoteni wake na kuufunga kwa mnyororo kwenye nguzo ya ghala lake. Alisema atauachia gari la mzee likitengenezwa.

Musyoka alikuja nyumbani kwa Kamaludin jioni hiyo, kabla ya magharibi. Alikuwa mtu mrefu wa Kitui, mwembamba, aliyekuwa akituuzia maji tangu mifereji ya mtaa ianze kukauka. Hakuja kugomba. Ummukulthum, mke wa Kamaludin, alimkaribisha kikombe cha kahawa, naye akakipokea kwa mikono miwili akakishika bila kunywa.

"Mzee," alisema, "mimi sikuhisi kitu. Lakini njia ni nyembamba na mzigo ulikuwa mzito, na mtu akisukuma huinamisha kichwa. Siwezi kuapa. Ikiwa ni mimi, nisamehe. Nitalipa kidogo kidogo."

Kamaludin alitazama sakafu. Alimwambia asiwe na wasiwasi, wataona. Hilo tu. Musyoka alishukuru akaondoka, na kahawa ikabaki imejaa. Ummukulthum alimtazama mumewe kwa muda, kisha akaondoa kikombe.

Kesho yake Kamaludin aliwapeleka watoto shule kama kawaida, lakini aliendesha polepole hata madereva wa nyuma yake wakapiga honi njia nzima. Kutoka huko alipita gereji moja kubwa yenye sakafu ya vigae na mhudumu mwenye tai. Walimwambia lazima ubavu wote unyunyiziwe upya, milango miwili na bamba la nyuma, na vipimo vya rangi vichukuliwe kwa mashine. Bei waliyomtajia ilikuwa kama pato lake la miezi mitatu. Alipokuwa anatoka, dereva wa tuktuk aliyekuja kumleta mteja pale langoni aliuona ule ubavu, akamwita pembeni. Akamwambia aende upande wa Liwatoni, amuulizie Kanze. Ni mwanamke, alisema, usishangae. Tuktuk hiyo ya dereva iliwahi kulalia ubavu mzima, na Kanze ndiye aliyeirudisha kama mpya.

Uwanja wa Kanze ulikuwa nyuma ya mahali panapotengenezwa mashua, ua mdogo wenye paa la mabati upande mmoja, na hewa yake ilinuka thina ya kuzimulia rangi na chumvi. Kanze mwenyewe alikuwa Mgiriama wa Kaloleni, mwenye umri wa miaka arobaini na kidogo, leso kiunoni na shati la kiume lenye madoa ya kila rangi iliyowahi kupakwa Mombasa. Alianza kwa kupaka rangi mashua za faiba, akiwasugulia mafundi msasa kwa ujira wa chakula, mpaka siku moja fundi mkuu alipoumwa yeye akamaliza kazi na mwenye mashua asijue tofauti. Magari yalikuja baadaye.

Baada ya salamu aliuosha ubavu wa gari kwa maji na sabuni, akaukausha, kisha akachota maji safi kwa kikombe akayamimina taratibu juu ya mikwaruzo. Ule wa juu ulipotea mara moja. Ule wa chini ulipotea nusu. Ule wa katikati ulibaki unamtazama.

"Unaopotea kwa maji uko juu juu," alimweleza. "Huo ni wa kusugua tu. Usiopotea umekwenda ndani." Akapitisha ukucha wa kidole gumba kwenye ule wa katikati, ukanasa. "Huu polishi hata ungeipaka mwaka mzima ungekuwa wauchekesha."

Kisha akainama, akauchungulia kwa karibu, akatoa kijiti cha kibiriti akakwangua ndani yake. Akakipangusa kile kijiti kwenye kiganja.

"Ni nini kilichokukwaruza, Mzee?"

"Mkokoteni," akasema Kamaludin.

Kanze alimwonyesha kiganja. Palikuwa na unga mweupe.

"Mkokoteni wa chuma ungeacha weusi, ama kutu," alisema. "Wa mbao ungeacha vijiti. Na mkokoteni huyumba, mstari wake hupanda na kushuka. Huu umenyooka kama rula. Hapa gari lilikuwa likienda, na kilichokata kilisimama." Alisema haya bila ukali, kama mtu anayesoma risiti. "Sikuulizi ili nikuaibishe. Nauliza kwa sababu hii ni chokaa. Ikibaki ndani, nikipaka juu yake, baada ya mwezi rangi itabambuka na utasema Kanze ni mwizi."

Kanze hakungoja jibu. Alimwambia mambo yalivyo: hapana haja ya kunyunyizia ubavu mzima. Mlango una mkunjo katikati, mstari ule uliotokeza kutoka mbele hadi nyuma, na mikwaruzo yote iko chini yake. Atapaka mpaka kwenye mkunjo basi, na jicho la mtu halitaona rangi mpya ilipokutana na ya zamani. Na kama mzee ana siku mbili za kukaa pale na kufanya kazi ya msasa kwa mkono wake, hatamtoza ila vifaa na kazi ya rangi. Msasa ndio unaokula saa, akasema, na saa ndizo zinazokula pesa.

Ilikuwa sehemu ndogo ya ile bei ya gereji, hata Kamaludin akadhani amesikia vibaya. Alikubali. Alivua koti, akakunja mikono ya kanzu, akapewa kigoda.

Kanze alikunja kipande cha msasa wa maji kwenye kipande cha kandambili iliyokatwa, akamfundisha kulowesha, kusugua kwa urefu wa mkwaruzo na si kwa kukata, kulowesha tena. Kingo za ule mchubuko zilipaswa kulainishwa hadi kidole kisijue rangi inaishia wapi na bati linaanzia wapi. Ndani ya saa moja tayari alikuwa amekuta nukta za kutu pale katikati, ndogo kama mbegu za ufuta. Siku moja tu ya hewa ya baharini ilikuwa imetosha. Kanze alimwambia azisugue mpaka bati liwe jeupe kabisa.

Tatizo ni kwamba hakuona vizuri alichokuwa akikifanya. Alisogeza uso hadi pua ikakaribia kugusa mlango. Alivua miwani, akaivaa, akaivua. Kanze, aliyekuwa akifunika vioo vya gari kwa magazeti na tepu, alisimama akamwangalia.

"Fumba macho," alisema. "Tumia vidole. Mimi hufanya hivyo. Macho hudanganya kwenye rangi inayong'aa, vidole havidanganyi."

Kamaludin alifumba. Na kweli, vidole vyake vilikuta kila kitu: ukingo, shimo, mahali palipobaki na mparuzo. Alisugua hivyo kwa muda mrefu, amefumba macho, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi hakuwa akijilazimisha kuona. Nadhani ndicho kilichomfungua. Alianza kuzungumza bila kuyafumbua.

"Ni ukuta," alisema. "Kona ya nyumbani kwangu. Nimepita pale miaka ishirini na mbili. Sikuuona."

Kanze aliacha tepu.

Akamweleza yote, akisugua. Habari ya taa zenye miiba, ya miwani ya Mwembe Tayari, ya babake. Akamweleza ya Musyoka, mkokoteni uliofungwa kwa mnyororo, na kahawa iliyobaki kikombeni. Hilo la mwisho lilimchukua muda.

"Na watoto?" aliuliza Kanze. "Umesema wachukua watoto."

"Watano."

Kanze alikuja akachutama kando ya kigoda, akauweka mkono wake wenye rangi kwenye mlango, palipokuwa na bati tupu.

"Baba yangu," alisema, "hapa ni ukuta. Ukuta hauna mama. Mshukuru Mungu kwa ukuta huu."

Kamaludin aliweka msasa chini. Alilia, si kwa sauti, machozi tu yakimtiririka mashavuni, na Kanze akarudi kwenye magazeti yake akampa nafasi. Baadaye, alipokuwa akituhadithia mwenyewe, alisema hakulia kwa huzuni. Alikuwa ameibeba ile picha ya mtoto mbele ya gari kila asubuhi kwa mwaka mzima, bila kumwambia hata mkewe, na sasa mtu mwingine ameisema kwa sauti, na haijatokea. Haijatokea.

Alipomaliza alimpa Kanze ufunguo wa gari, wala hakuombwa. Akampigia simu mmoja wa wazazi, akamwomba awaarifu wenziwe kwamba hatawachukua watoto tena mpaka macho yake yaangaliwe, na kwamba alikosa kwa kutosema mapema. Mzazi yule akamwambia, Allah akuponye, Ammi, tutapanga tuktuk. Kamaludin alipanda tuktuk vilevile, akaenda moja kwa moja hadi dukani kwa Hussam.

Ilikuwa baada ya sala ya alasiri na barazani palikuwa na watu wanne watano. Hakutafuta faragha. Aliona kwamba maneno yaliyomfunga Musyoka yalisemwa hadharani, basi yafunguliwe hadharani.

"Hussam," alisema, "ni mimi niliyeugonga ukuta. Ulipomtaja Musyoka nilijua si yeye, nikanyamaza. Kosa lako ni dogo, kosa langu ni kubwa. Fungua ule mkokoteni."

Hussam alibaki na kijiko cha kupimia sukari mkononi. Mmoja wa waliokuwepo aliinamisha macho, kwa sababu si jambo jepesi kumwona mzee akijivua nguo namna ile. Kisha Hussam akatoka nyuma ya kaunta, akafungua kufuli, na mnyororo ukaanguka. Alisema kwa sauti ndogo kwamba yeye ndiye aliyefunga, yeye ndiye atakayeurudisha. Wakausukuma pamoja, mwenye duka na mzee mwenye kanzu iliyolowa maji ya msasa, hadi kwenye kioski cha maji ambako Musyoka alikuwa ameketi bila kazi.

Musyoka aliwasikiliza akiwa amesimama. Walipomaliza hakusema haraka kwamba amesamehe. Aliuliza kwanza: "Kwa hivyo si mimi?"

"Si wewe," akasema Kamaludin.

"Nililala nikiwaza," akasema Musyoka. "Nilikuwa nauona mkono wangu ukikwaruza, kabisa, kama jambo nililolifanya. Nikaanza kujiuliza ni vitu vingapi nimeharibu bila kujua." Alipitisha mkono usoni. "Ulinitazama nikiomba msamaha, Mzee. Hilo halikuwa zuri."

"Halikuwa zuri," akasema Kamaludin.

Alimpa ujira wa siku mbili alizokosa, naye Musyoka akaupokea, kwa sababu ulikuwa haki yake. Kisha akaukagua mkokoteni, akalipiga teke gurudumu moja kuona kama lina upepo, na alipoinua uso alikuwa anacheka kidogo. Akasema yule mama wa nyumba ya tatu anayangoja maji yake tangu jana na sasa atamtukana vizuri. Akaondoka akisukuma. Hussam akasema anatembea kama mtu aliyetuliwa mzigo, ingawa mkokoteni ulikuwa na madumu ishirini.

Nyumbani, Ummukulthum alipoambiwa, hakushtuka. Alisema alijua ya macho tangu mfungo uliopita, alipomwona akitafuta tende kwenye sahani kwa kupapasa. Alikuwa akingoja aambiwe. Kamaludin akamuuliza mbona hakusema, naye akajibu kwamba mtu akificha jambo kwa bidii namna ile, ukimfichua utamvunja. Lakini la Musyoka, akasema, hilo lilimuuma, na alikuwa ameshaamua kulisema Ijumaa. Akampigia simu binti yao Mahira, aliyeolewa Malindi, na kufikia isha siku ya kwenda kwa daktari ilikuwa imepangwa.

Siku ya pili ya msasa Kamaludin alirudi Liwatoni kwa tuktuk. Chokaa yote ilikuwa imetoka. Kanze alipangusa bati kwa kitambaa chenye thina, akajaza puti nyembamba pale palipokuwa na shimo, wakangoja ikauke, wakaisugua ikawa sawa na mlango. Ikafuata praima ya kijivu, ile rangi ya msingi. Rangi yenyewe Kanze alikuwa ameichanganyisha dukani kwa namba iliyoandikwa kwenye kibati ndani ya boneti, lakini hakuiamini hivyo hivyo. Gari hili limepigwa jua miaka ishirini, alisema, buluu yake si ile ya kiwandani tena. Alipaka tone kwenye kifuniko cha kopo, akalianika, akalishika kando ya mlango, akatia weupe kidogo, akajaribu tena. Mara tatu. Ndipo akapiga mikono mitatu myembamba ya rangi, akiacha kila mmoja ukauke, na juu yake ile vanishi angavu isiyo na rangi, inayoleta mng'aro. Siku iliyofuata alisugua kwa msasa laini kama karatasi ya kitabu, akapaka polishi.

Kanze alilileta gari Mji wa Kale mwenyewe, Ijumaa baada ya sala. Aliliingiza kwenye ile kona taratibu, amekunja vioo, na Hussam akasimama mbele akimwelekeza kwa mikono ingawa hakuhitaji kuelekezwa. Watu walikuja wakaupapasa ubavu. Mtu mmoja akasema hapa ndipo, mwingine akasema la, ni pale. Hakuna aliyepatambua mahali penyewe. Ummukulthum alimshika Kanze mkono akamwingiza ndani kula biriani, na hakumwacha atoke mpaka amechukua na ya kufunga.

Miadi ya daktari ilikuwa Jumatatu. Kamaludin alikaa kwenye benchi la hospitali ya macho akiwa amemshika Mahira mkono kama mtoto, na Mahira baadaye alisema mkono ule ulikuwa baridi kama samaki. Walimpima presha ya macho, wakamtia dawa ya kupanua mboni, wakamwangalia kwa taa. Daktari alikuwa mwanamke kijana, mpole. Kamaludin alimwambia ya babake, akamwomba asimfiche.

"Mzee, hii yako si ya babako," alisema daktari. "Yeye huenda ilikuwa presha ya macho, hiyo ikila hairudishi. Wewe una mtoto wa jicho, macho yote mawili. Tunautoa ule utando, tunaweka kioo kidogo mahali pake. Utarudi nyumbani siku hiyo hiyo."

Alimwomba arudie. Akarudia. Mahira aliyakumbuka maneno aliyoyasema babake pale, kwa sababu hakuwa mtu wa kusema maneno mengi. Alisema, "Basi nilikuwa naogopa kitu ambacho hakikuwepo," akashusha pumzi ndefu, hata muuguzi akageuka kutazama kama kuna mtu anaugua.

Walimfanyia jicho la kulia kwanza, na la kushoto baada ya mwezi. Alitia matone kwa saa, hakuinama, hakubeba ndoo, alikaa ndani akisikiliza redio. Watoto wa shule waliendelea na tuktuk, na mara kwa mara mmoja wao alimpungia mkono dirishani, naye akawapungia, mwanzoni bila kujua ni yupi, baadaye akijua.

Asubuhi moja, wiki mbili baada ya jicho la pili, daktari alimruhusu kuendesha. Kabla ya kulitia gari moto alitoka nje akasimama juani akautazama ule ubavu kwa macho mapya. Akauona. Mahali rangi ilipokutana, chini ya mkunjo, palikuwa na tofauti ndogo sana, buluu na buluu nyingine. Alimpigia Kanze simu kumwambia. Kanze alicheka, akasema watu wawili tu duniani wataiona, yeye na mzee, na kwamba hiyo ni dalili ya kuwa daktari amefanya kazi yake.

Tangu hapo imekuwa taabu nyumbani. Kamaludin aona utando wa buibui juu ya kabati. Aona kwamba dari ya jikoni ni nyeusi kwa moshi, na kwamba pazia alilodhani ni la rangi ya maziwa kumbe ni la manjano. Aona nyufa kwenye kila ukuta wa mtaa na huzitaja. Juzi alimwambia Ummukulthum kwamba hakujua ana mvi nyingi kiasi kile, na kwamba zimempendeza. Bibi akampa ufagio, akamwambia kama anaona vizuri hivyo, aanze na ngazi.